Nilimtumia Audre Lorde kuuza mafuta, sasa wacha niwaambie alikuwa nani

Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka ile posti. Nimekaa kando ya dirisha, taulo kichwani, kikombe cha chai mkononi, na chupa ya mafuta ya mwili imewekwa mahali jua linapiga vizuri. Juu ya picha nimeandika ule mstari wa Audre Lorde kuhusu kujitunza. Sitaurudia hapa, umechoka. Unaujua hata kama hujui kwamba unaujua: uko kwa vikombe, kwa mifuko ya kitenge, kwa ukuta wa saluni moja hapa mtaani. Kampuni ilinilipa elfu nane na chupa tatu za bure. Laiki zikaingia, nikalala vizuri.

Asubuhi nikapata komenti kutoka kwa mtu nisiyemjua. Aliuliza tu: unajua huyo mama aliandika hayo akiwa na kansa kwa ini?

Sikuwa najua. Wacha niseme ukweli wote kwa sababu tayari nimeaibika: sikuwa najua hata kama alikuwa mtu mweusi. Kichwani mwangu Audre Lorde alikuwa mzungu fulani wa yoga, nywele za mvi, nyumba kando ya bahari. Kidole kilikuwa tayari kufuta hiyo komenti. Kilichonizuia ni hilo neno kansa, na sababu yake nitaifikia.

Wiki hiyo nikaenda town, kwa wale wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza upande wa Tom Mboya, nikauliza kama wana chochote chake. Jamaa akachimbua kitabu cha insha zake cha 1984, Sister Outsider, jalada limebanduka, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amepigia mistari kwa kalamu ya kijani hadi ukurasa wa 40 hivi halafu akachoka. Shilingi 350. Nilianza kukisoma kwa matatu nikirudi nyumbani na nikapitishwa steji yangu. Hiyo kwangu haifanyiki, mimi ni mtu wa kushuka kabla gari halijasimama.

Alizaliwa Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, tarehe 18 Februari 1934. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Karibea. Baba alitoka Barbados, mama alitoka Carriacou, kisiwa kidogo kilicho sehemu ya nchi ya Grenada, ambacho hata kwa ramani ya simu lazima ukikuze sana ndio ukione. Audre alikuwa kitinda mimba, wa tatu kati ya wasichana watatu. Macho yake yalikuwa mabovu sana na alichelewa kuongea. Aliyemfungua ni mkutubi mmoja mweusi, Augusta Baker, aliyemsomea hadithi maktabani akiwa na miaka kama minne, na mtoto akaamua papo hapo kwamba anataka kusoma.

Jina lake hasa lilikuwa Audrey. Akiwa bado mdogo akaikata ile herufi ya mwisho kwa sababu alitaka majina yake mawili yaishie sawa, Audre Lorde, kama miguu ya meza. Nilipenda hiyo. Kabla hajajua siasa yoyote tayari alikuwa anaamua ataandikwa vipi. Na alikuwa na tabia nyingine: ukimwuliza anajisikiaje, alikujibu kwa shairi alilokariri. Ndani ya hilo shairi kulikuwa na jibu, kazi ni yako kulitafuta. Siku mashairi ya watu wengine yalipoisha, yaani alipojisikia kitu ambacho hakuna shairi analojua lilikuwa limekisema, akaanza kutunga yake.

Mimi nilikuwa nadhani washairi wa Marekani wanaishi kwa mashairi. Huyu aliwahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda huko Connecticut, akiosha vipande vya fuwele za vifaa vya elektroniki kwa kemikali na kuvipima kwa mashine ya eksrei, bila kinga ya maana. Baadaye akasomea ukutubi Chuo Kikuu cha Columbia, akamaliza 1961, akaajiriwa maktaba. Akaolewa 1962, akazaa wawili, msichana na mvulana, ndoa ikaisha 1970. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka 1968. Kwa hivyo kabla ya watu kumwita profesa, huyu ni mtu aliyekuwa anaandika kati ya kazi, watoto na kupika.

Na hapo ndipo insha zake zilinishika kwanza, kwa upande wa fasihi. Kuna hotuba aliitoa chuo cha Amherst mwaka wa 1980. Ndani yake anasimulia jarida moja la wanawake lililoamua kwamba toleo fulani litachapisha nathari peke yake, kwa sababu eti ushairi si kazi nzito. Angejibu kwa kusema ushairi ni mtamu, una roho, na kadhalika. Hakujibu hivyo. Alipiga hesabu. Akauliza: kila aina ya uandishi inagharimu nini? Riwaya inataka karatasi nyingi, mashine ya kuchapa, na masaa mengi ya utulivu. Shairi unaweza kuliandika ukiwa kazini wakati wa mapumziko, ukiwa kwa treni, kwa karatasi yoyote iliyo karibu. Kwa hivyo ndio sanaa inayowezekana kwa maskini, kwa wafanyakazi, kwa wanawake weusi. Ukisema shairi si kazi nzito, tayari umeamua ni watu gani watasomwa.

Virginia Woolf alikuwa amesema 1929 kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe. Tulifundishwa hiyo, na ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mimi nimekulia Kayole, nyumba ya chumba kimoja na pazia katikati, watu watano. Chumba changu mwenyewe nilikipata mwaka jana na bado kodi inanitoa jasho. Kila kitu nilichoandika kabla ya hapo niliandika kwa simu, kwa matatu, Jogoo Road ikiwa imefungana. Sikuwahi kuwaza kwamba ufupi wa vitu ninavyoandika una sababu ya kiuchumi. Nilidhani ni uvivu, na waalimu walikubaliana nami.

Kumbuka pia aliyesema haya alikuwa anapiga vita kwa vitendo. Mwaka huohuo wa 1980 alimwambia rafiki yake Barbara Smith kwa simu kwamba lazima wafanye kitu kuhusu uchapishaji, na kutoka hapo wakaanzisha na wenzao kampuni ya kuchapisha kazi za wanawake wasio wazungu. Wakaiita Kitchen Table, meza ya jikoni, kwa sababu jikoni ndiko wanawake hukaa wakapanga mambo yao.

Sasa tuje kwa siasa, na hapa wengi wetu tunamjua kwa ile hotuba ya vifaa vya bwana na nyumba ya bwana. Ni ya 1979. Kulikuwa na mkutano Chuo Kikuu cha New York wa kuadhimisha miaka 30 tangu Simone de Beauvoir achapishe kitabu chake kikubwa kuhusu mwanamke. Audre Lorde aliitwa kuzungumza. Alipofika akaangalia ratiba: nadharia huku, nadharia kule, na wanawake weusi ni wawili tu, tena walitafutwa kwa simu dakika ya mwisho. Alisimama akayasema hayo mbele ya waandaaji wenyewe. Watu wanapenda kunukuu kile kichwa cha hotuba. Mimi nilikwama kwa swali lingine aliloliuliza mle ndani: nyinyi mkiwa hapa mnajadili ukombozi wa mwanamke, ni mwanamke gani amebaki nyumbani kwenu akisafisha na kuangalia watoto?

Nilifunga kitabu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimealikwa kwa paneli ya mambo ya usawa, hoteli nzuri, kiyoyozi, samosa ndogo zile za kuliwa mara moja. Tulikuwa wanne mbele. Mmoja wetu alichelewa kwa sababu, alisema kwa maikrofoni na watu wakacheka, msichana wake wa kazi alikuwa ameamua kwenda ocha bila kutoa notisi. Mimi pia nilicheka. Nina rekodi, nimejisikia nikicheka. Hakuna mtu kwa hicho chumba aliyeuliza huyo msichana alikuwa ameenda nyumbani kufanya nini, au analipwa ngapi, au mara ya mwisho kupewa siku ya mapumziko ilikuwa lini. Miaka arobaini na kitu imepita tangu 1979 na swali lake bado halijapata mtu wa kulijibu Westlands.

Mwaka wa 1981, kwa mkutano mwingine huko Connecticut, alizungumza juu ya hasira. Anakumbuka mwanamke mzungu aliyemwambia: niambie unavyojisikia, lakini usiseme kwa ukali, sitaweza kukusikia. Msichana yeyote aliyewahi kuambiwa ana hoja nzuri ila apunguze sauti anaijua hiyo. Siendelei, kasomeni.

Ile insha ambayo hakuna mtu huitengenezea vikombe ni ya Grenada. Ndiyo ya mwisho kwa kitabu, aliiongeza wakati kitabu kilikuwa tayari kinaandaliwa kwa mashine. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu mimi shuleni nilisoma Vita Baridi yote, Cuba, Ujerumani, Vietnam, na Grenada haikupata hata sentensi moja.

Grenada ni nchi ya watu kama laki moja. Machi 1979 chama cha New Jewel Movement kilipindua serikali na Maurice Bishop akawa waziri mkuu. Walikuwa wasoshalisti, marafiki wa Cuba, na Marekani haikuwapenda. Oktoba 1983 viongozi wenyewe wakakosana, na tarehe 19 Bishop akauawa na watu wa upande wake wa zamani. Siku sita baadaye, tarehe 25, jeshi la Marekani likaingia. Reagan akasema ni kulinda wanafunzi Wamarekani wa udaktari waliokuwa pale.

Audre Lorde alikuwa amefika Grenada mara ya kwanza 1978, kutafuta kwao mama yake. Alirudi mwisho wa Desemba 1983, miezi miwili baada ya uvamizi. Insha yake haianzi kwa Reagan wala Moscow. Inaangalia barabara. Mara ya kwanza, anasema, kisiwa kilikuwa na barabara moja ya lami. Mara ya pili barabara zote zilikuwa zimepanuliwa na kutengenezwa, na kulikuwa na mabasi. Hiyo ilifanywa na serikali ambayo Wamarekani waliambiwa ni hatari kwao. Halafu anafika kwa jambo linalomuuma zaidi: kati ya wanajeshi waliotumwa kuvamia nchi ya watu weusi kulikuwa na vijana weusi wa Marekani. Watoto wa mitaa kama Harlem, ambao kwao kazi hakuna, wamepewa bunduki na kutumwa kijijini kwa mama yake.

Hakujiweka nje ya hesabu hiyo. Pasipoti yake ilikuwa ya Marekani, kodi yake ilienda kwa hiyo serikali. Alikuwa binti wa Grenada na raia wa nchi iliyoivamia, kwa wakati mmoja, na aliandika akiwa amesimama pale pale pabaya. Nimesoma makala mengi ya watu wa ughaibuni kuhusu nyumbani. Mengi yana machozi. Yake ina barabara na bei.

Hapo ndipo nikaanza kuelewa alichokuwa anafanya kila akipanda jukwaani na kujitaja orodha nzima: mweusi, mama, mshairi, mpiganaji, mwanamke anayependa wanawake. Nilikuwa nadhani ni mbwembwe, kama watu wanaojaza wasifu wao na bendera na emoji. Kumbe alikuwa anazuia kukatwakatwa. Kwa mikutano ya wanawake walitaka uanamke wake bila weusi. Kwa harakati za watu weusi wengi walitaka weusi wake bila mambo ya kupenda wanawake. Yeye akasema mnanichukua wote au mniache.

Na hapa Kenya tunamkata pia, tusijidanganye. Nimeona kurasa kubwa zinamweka picha na maneno, na huyo mwanamke aliyeishi naye New York kwa miaka mingi, wakilea watoto pamoja, hayuko popote. Naelewa woga. Mahakama Kuu yetu ilikataa 2019 kuondoa zile sheria za wakoloni, na komenti zetu mnazijua. Lakini ukimtoa huyo mtu, insha zake nyingi hazina maana, kwa sababu aliziandika akitokea pale. Mimi mwenyewe niliandika rasimu mbili za hii posti bila hii aya. Hii ni ya tatu.

Nitataja Berlin haraka. Mwaka wa 1984 alienda kufundisha Chuo Kikuu Huria cha Berlin Magharibi. Akauliza wanawake weusi Wajerumani wako wapi. Waliokuja walikuwa vijana, wengi wamelelewa na wazungu, kila mmoja akidhani yuko peke yake nchini. Hawakuwa hata na jina la kujiita ambalo si tusi. Akawasukuma wajiandike. Mmoja wao alikuwa May Ayim, baba yake Mghana, na 1986 yeye na wenzake wakatoa kitabu cha historia na maisha yao, kutoka enzi za makoloni ya Wajerumani hadi wakati wao. Mle ndani kuna mabibi wawili ndugu waliozaliwa Ujerumani na baba kutoka Kameruni, walioishi Ujerumani ya Hitler na wakabaki hai kusimulia. Sisi wa pande hizi tunaijua Ujerumani kwa Maji Maji na reli ya Tanga. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna waliobaki upande ule mwingine wa hiyo historia, wanazeeka Berlin.

Sasa kansa.

Shangazi yangu ni fundi wa nguo Nakuru. Mwaka wa 2021 alikatwa titi la kushoto. Kwa familia yetu hiyo iliitwa operesheni, na baada ya operesheni ikaitwa ile maneno, na baada ya hapo haikuitwa chochote. Aliambiwa kuna titi bandia la silikoni, bei yake ni kodi ya miezi kadhaa. Akajishonea lake: kitambaa cha bitana, umbo la titi, ndani mchele, kwa sababu sponji ni nyepesi na inapanda hadi shingoni. Najua kuhusu mchele kwa sababu wakati mmoja uliingia wadudu na yeye mwenyewe alituambia akicheka hadi akakohoa. Hicho ndicho kicheko pekee tulichowahi kucheka juu ya jambo hilo.

Audre Lorde alipata uvimbe wa kwanza 1977. Wiki tatu za kusubiri kujua ni nini, na ukaonekana si kansa. Desemba mwaka huo akazungumza Chicago kuhusu zile wiki tatu: kwamba alipojiona mbele ya kifo, vilivyomuuma zaidi ni vitu alivyonyamazia, na akagundua kunyamaza hakukuwa kumemkinga na chochote. Mwaka uliofuata, Septemba 1978, kansa ikaja kweli na akakatwa titi la kulia. Aliandika kitabu kizima juu ya hilo, kikatoka 1980.

Anasimulia kwamba akiwa bado hospitali alikuja mama mmoja wa kujitolea, mkarimu, kumfariji. Akamletea titi la sufu. Rangi yake waridi hafifu, ya ngozi ya mzungu. Alilijaribu, likakaa pale kifuani kama kitu cha mtu mwingine. Siku kumi baada ya operesheni akaenda kwa daktari kutolewa nyuzi, amejipamba, anajisikia vizuri kwa mara ya kwanza, na hajavaa kitu upande ule. Nesi akamwangalia akamwambia ni afadhali avae, la sivyo ni mbaya kwa morali ya ofisi. Ofisi ya daktari wa kansa ya matiti! Mahali ambapo wanawake wote waliokaa kwenye viti wamekatwa au wanangoja kukatwa. Lorde akauliza: Moshe Dayan, waziri wa ulinzi wa Israeli, alionekana duniani kote na kitambaa cheusi juu ya jicho lililopotea, na hakuna aliyemwambia akavae jicho la kioo ili asiharibu morali. Kovu lake lilionekana kama heshima ya vita. Kwa nini la kwetu lifichwe?

Mwaka wa 1984 wakamwambia imefika kwa ini. Aliishi nayo miaka minane zaidi, akifundisha, akisafiri, akitafuta matibabu Uswisi na Berlin, akihesabu nguvu zake kama mtu anayehesabu salio la simu. Ule mstari wangu wa mafuta ulitoka kwa maandishi ya miaka hiyo, yaliyochapishwa 1988. Alikuwa anaongea juu ya kubaki hai ili aendelee na kazi, wakati mwili na nchi yake vyote vilikuwa vinapendekeza aache. Mimi nikaweka taulo kichwani.

Likizo ya Pasaka nikaenda Nakuru na kile kitabu cha kansa kwa simu. Shangazi alikuwa na foleni ya sare za kwaya, kwa hivyo nilimsomea akishona, nikigeuza kwa Kiswahili nikiendelea. Nimepewa jina la nyanya, mama yake, kwa hivyo mimi huniita mama hata akinikosoa.

"Mama," akasema, "huyo alikuwa mwalimu wa chuo. Asipovaa, mshahara unaingia. Mimi mteja akija kupimwa, uso wake uko hapa." Akaonyesha kifua. "Ataangalia utepe ama ataangalia hii? Halafu akienda kwa fundi mwingine nimwambie ni heshima ya vita?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kitabu kina jibu kamili pia. Lorde anakubali kila mwanamke ajichagulie. Lakini aliposema hivyo alikuwa na mahali pa kusimama ambapo shangazi hana. Nadhani angekuwa wa kwanza kukubali hilo, maana ndiye aliyepiga hesabu ya karatasi na mashine ya kuchapa.

Nikasoma pale pa nesi. Cherehani ikanyamaza.

"Alimwambia nini?"

Nikarudia. Shangazi akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la leso. Halafu akaniambia kwamba yeye, wiki ya tatu kliniki, aliambiwa na mhudumu mbele ya watu ajifunge vizuri, anatisha wagonjwa wapya. Akarudi nyumbani na matatu mbili akiwa amejikumbatia. Ule mchele alianza kuushona usiku huo.

"Shangazi, mbona hukuwahi kusema?"

"Nani aliuliza?"

Miaka yote hiyo. Mimi nina wafuasi elfu kumi na nane ninaowauliza kila Jumatatu wanaendeleaje.

Baada ya muda akawasha cherehani tena. Akaniuliza ile kampuni ya mafuta ilinilipa ngapi, nikamwambia. Akauliza kama nimerudisha, nikamwambia ilienda kwa kodi. Akacheka, akasema basi kodi ni kodi, lakini niandike tena, na safari hii niandike kwamba huyo mama alikuwa mgonjwa. "Na hiyo ya nesi usiiache."

Nilimwuliza kama naweza kuweka na ya kwake. Alikata uzi kwa meno, akafikiria hadi akamaliza kola nzima, akasema naweza, bila jina, na niseme mchele ulikuwa pishori.